Dawa Umemaliza, Mbona Bado Unakohoa?

Leo tuzungumzie kifaduro. Najua wapo watakaosema, "Aa dada, hicho si cha watoto?" Subirini kidogo.

Bomba la hewa liendalo mapafuni limetandikwa seli zenye vinyweleo vidogo mno. Kazi yake ni kufagia. Usiku na mchana vinasukuma juu vumbi, vijidudu na makohozi, nawe unavimeza bila hata kujua. Sasa bakteria wa kifaduro hujishikiza papo hapo, kwenye vinyweleo. Hawana haja ya kusambaa mwilini. Wakishatulia, wanaachia sumu. Moja huua seli hizo, zikang'oka. Ufagio umekwisha! Makohozi mazito yanabaki palepale, na mwili umebakiwa na njia moja tu: kukohoa mfululizo mpaka pumzi inakata, kisha kuvuta hewa kwa ule mlio. Wengine hutapika.

Sumu nyingine ni janja zaidi. Inaingia ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani askari wetu, na kuvuruga mawasiliano yake. Askari wanajazana kwenye damu lakini hawatoki kwenda penye vita.

Ndiyo maana naulizwa kila mara: "Dada, vidonge nimemaliza, mbona bado?" Dawa kama erithromaisini huua bakteria, seli zilizokufa haizifufui. Lazima mwili uote nyingine, na hiyo ni kazi ya wiki nyingi. Wachina hukiita kikohozi cha siku mia. Lakini usiache dawa, maana baada ya siku 5 za kuitumia huambukizi tena wengine.

Na wengine ni nani? Wewe wa miaka 17 ulichanjwa utotoni, ila kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Kwako kinaweza kuwa kikohozi cha kuudhi tu. Mtoto wa mwezi mmoja, jamani, pengine hata hakohoi. Anaacha kupumua, anageuka rangi. Chanjo yake ya kwanza huipata akiwa na wiki 6, kisha ya 10 na ya 14. Kabla ya hapo, wewe uliyembeba ndiye unayeweza kumletea.

Kwa hiyo ukikohoa zaidi ya wiki mbili, mpe mama mtoto wake, nenda kituo cha afya. Huenda ni kifaduro, huenda ni TB, watapima. Na usisahau kumwambia mganga kwamba nyumbani kuna mtoto mchanga.