Mtoto Mmoja, Daftari Moja, Mtu Mmoja wa Kumfuata

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizokimbia vita na viongozi wa mitaa, Kivu ya Kaskazini



Leo ninataka tuongee juu ya watoto ambao hatuwaoni kwenye mikutano yetu. Si kwamba hawapo. Wapo nyuma ya mlango, au mgongoni mwa dada yao. Ni watoto wadogo wanaochelewa: kushika shingo, kukaa, kutembea, kusikia, kusema. Wengine walichoka wakati wa kuzaliwa kwa sababu mama alijifungulia njiani. Wengine walipatwa na malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo. Wengine waliishi na njaa miezi mingi. Na wengine hatujui sababu. Hakuna hata mmoja aliyejiletea hali hiyo, wala mama yake hakuileta.

Tujue alama zenyewe. Mtoto wa miezi 4 ambaye shingo bado inaanguka, aonyeshwe kituo cha afya. Vilevile mtoto wa miezi 9 asiyekaa bila kushikwa, wa miezi 18 asiyetembea peke yake, na wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili. Mtoto asiyeshtuka mlango unapopigwa kwa nguvu, aonyeshwe. Anayepoteza jambo alilokwisha kulijua, aonyeshwe upesi. Na yule ambaye mguu au mkono umelegea kwa ghafula apelekwe siku ileile, kwa kuwa inaweza kuwa polio. Alama moja si hukumu, ni sababu ya kumwangalia mtoto vizuri.

Mbona tuharakishe? Kwa sababu ubongo wa mtoto hujengwa kwa nguvu zaidi katika miaka ya kwanza, na msaada mdogo wa wakati huo hufanya kazi kubwa. Nchini Jamaica, miaka ya 1980, watoto wadogo waliodumaa kwa utapiamlo walitembelewa nyumbani kila juma kwa miaka 2. Aliyewatembelea hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa afya wa mtaa aliyemfundisha mama kucheza na mtoto wake na kuongea naye, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Miaka 20 baadaye, watoto hao, sasa watu wazima, walipata mshahara mkubwa kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Shirika la Afya Duniani nalo linaagiza kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali asipewe chakula na dawa tu, bali achezeshwe na kupendwa pia.

Sasa nifike kwenye shida yetu wenyewe. Chukueni mfano wa mama mmoja aliyekimbia. Siku ya kupima kilo, kituo kinaandika uzito wa mtoto. Shirika la pili linamnyoosha mtoto miguu na kuandika fishi yake. Shirika la tatu linamwandika kwenye liste ya ulinzi. Kila mmoja anamuuliza mama maswali yaleyale, na hakuna anayejua mwenzake alisema nini. Kisha vita inasogea. Mwezi wa Februari 2025, kambi zilizozunguka Goma, kama Bulengo na Rusayo, ziliachwa kwa muda wa siku chache. Familia zilitawanyika, huyu kwa ndugu wa mjini, yule kwenye kijiji ambacho nyumba yake ilibomoka. Fishi zilizobaki kwenye ofisi hazikumfuata mtoto. Alikofika, mama alianza tena kwa mwanzo, na miezi ya mtoto haimngojei mtu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

La kwanza, daftari moja. Kila mtoto anayechelewa awe na daftari lake, na mama alishike mwenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vitu ambavyo habaki navyo nyuma akikimbia. Humo iandikwe tarehe ya kuzaliwa, namna alivyozaliwa, magonjwa aliyopata, chanjo, uzito, jambo analoweza kufanya leo, nani alimwona na alishauri nini. Kabila lisiandikwe. Wala daftari lisisomwe mbele ya watu. Ni siri ya nyumba.

La pili, mtu mmoja wa kufuata. Mara nyingi atakuwa RECO, yule mjitoleaji wa afya wa mtaa. Yeye ndiye anayekumbuka siku ya kurudi, anayemsindikiza mama, anayeuliza kwa nini hakuja. Nchi yetu ina zoni za afya 519. Familia ikihama, zoni inabadilika lakini mtoto ni yuleyule. Basi anayeondoka amwambie RECO wake, na anayefika, mkuu wa mtaa amwonyeshe RECO mpya katika juma la kwanza.

La tatu, meza moja. Mara moja kwa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo aketi na RECO, mwalimu, mtu wa chama cha walemavu, mjumbe wa waliokimbia na mjumbe wa wenyeji. Kwa kila mtoto wajiulize: Anaendeleaje? Nani atamwona mwezi huu? Ni nini kinachomzuia mama? Pengine kinachozuia ni pesa ya pikipiki tu. Na sisi mashirika tufike kwanza kwenye ofisi ya zoni, tusianzishe liste yetu pembeni.

Wakati mnangojea, kuna kazi ya nyumbani. Mwangalie mtoto usoni na umwite kwa jina. Mwimbie unapotwanga. Mketishe ndani ya beseni lenye nguo pembeni ili aone wengine wakicheza. Mpe kikombe na kijiko agonge, lakini si kitu kidogo cha kumeza. Unapomlisha, mwinue, usimlishe akiwa amelala chali, chakula kisije kikamkaba. Baba naye afanye. Kazi hii si ya mama peke yake. Na mtoto mwenye kifafa apelekwe kituoni, dawa zipo.

Kwa viongozi wa dini nina neno. Mtoto anayechelewa si ndoki, wala si mtoto wa nyoka. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya mwaka 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Muombee mtoto, ndiyo, lakini usimzuie kula, usimfunge, wala usimwambie mama aache dawa. Neno lenu moja siku ya ibada linaweza kufungua mlango ambao sisi tunaupiga hodi mwaka mzima.

Sitawadanganya. Si kila mtoto atatembea, na si kila mmoja atasema. Lakini mtoto anayeweza kukaa, kula bila kukabwa na kucheka na wenzake, maisha yake ni mengine, na ya mama yake pia.

Mnaweza kuuliza, jambo hili lina uhusiano gani na amani? Nyinyi mnajua namna liste za misaada zinavyotugombanisha, mwenyeji na mgeni, kabila na kabila. Meza hii ni ya watoto wa pande zote. Mama mwenyeji na mama aliyekimbia, wakinyoosha miguu ya watoto wao kwenye mkeka mmoja, wameanza kujuana kabla hatujawahubiria chochote.

Mkitoka hapa, msingoje mradi. Kila mkuu wa mtaa aende na RECO wake, nyumba kwa nyumba, kwa heshima, waulize kama kuna mtoto anayechelewa. Na wewe mama uliyemficha wako ukiogopa maneno ya watu, mtoe. Kidole kimoja hakivunji chawa, tutamlea pamoja.