Uso Kupinda kwa Ghafula



Hutokea mtu akalala mzima, hana ila. Asubuhi anapotawadha, akisukutua, maji humtoka upande mmoja wa mdomo pasipo kutaka. Akinawa uso, jicho moja halifumbi. Watu wa nyumbani wakimtazama huona mdomo umekwenda upande. Mara hofu huingia na maneno huanza: huyu asema ni jini, yule asema ni upepo mbaya, na mwingine amtaja jirani kwa uchawi. Mgonjwa hufungiwa chumbani kwa haya, siku zikapita, na wakati ambao dawa ingemfaa zaidi hupotea.

Maradhi haya si mageni. Waarabu huyaita lakwa tangu zamani. Al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 925, aliyaeleza katika maandishi yake, na baada yake Ibn Sina akayaeleza katika kitabu cha al-Qanun. Mwaka 1821 Charles Bell, tabibu wa Scotland, alieleza kazi ya mshipa wa fahamu unaoendesha uso, na aina iliyo mashuhuri ya maradhi haya huitwa kwa jina lake.

Yapasa ifahamike ya kwamba kila upande wa uso una mshipa wake, utokao kwenye ubongo na kupita katika njia nyembamba ya mfupa karibu na sikio. Ukivimba mle ndani hubanwa, na upande wote hulegea: paji halikunjiki, jicho halifumbi, mdomo hauinuki. Hayo ndiyo maradhi ya Bell. Hudhaniwa kuwa mara nyingi huletwa na virusi, na wenye kisukari na wanawake waja wazito hupatwa zaidi. Kadhalika uso waweza kulegea kwa ugonjwa wa sikio, kwa malengelenge ya mkanda wa jeshi sikioni, au kwa jeraha la kichwa.

Kiharusi ni jambo jingine. Hapo mshipa wa damu katika ubongo umeziba au umepasuka. Mara nyingi paji hukunjika kama kawaida, lakini mdomo hupinda, mkono au mguu wa upande mmoja hukosa nguvu, na ulimi huwa mzito. Wenye shinikizo la damu na kisukari wako katika hatari zaidi.

Hata hivyo, hukumu si ya watu wa nyumbani. Kila uso uliopinda ghafula na upelekwe hospitali saa ile ile. Ikiwa ni kiharusi cha kuziba, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa katika muda wa saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, tena katika hospitali kubwa zenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Ikiwa ni maradhi ya Bell, dawa za steroidi hufaa zaidi zikianzwa katika siku 3 za mwanzo, na wagonjwa walio wengi hupona kwa majuma au miezi. Jicho lisilofumba lilindwe: litiwe dawa ya matone mchana, na usiku lifumbwe na kufunikwa, lisije likakauka na kupata kidonda.

Wala hapana aambiwaye aache dua. Msomaji aweza kusoma garini, njiani kwenda hospitali. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu kujitibu, basi kutafuta tabibu si upungufu wa imani. Lakini kumsingizia jirani uchawi ni dhambi ambayo haiponyeshi mdomo wa mtu. Na mgonjwa asiachwe kujificha. Atembelewe, na msikitini apishwe safuni kama jana yake, kwani uso uliopinda haukumpunguzia utu wala heshima.

Wabillahi taufiki.