Beki wa Kijiji na Daftari la Kikundi

Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Bofa, Kilifi



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya mpira wa miguu, hasa kazi ya beki. Sababu yake mwaijua. Kuna kijana wetu mmoja, beki wa kati, ambaye dalali amemwambia atampeleka ng'ambo akacheze kwa mshahara. Lakini dalali ataka apewe pesa kwanza. Mama ya kijana ameomba mkopo kikundini, na baba anafikiria kuuza kipande cha shamba pamoja na minazi yake. Wengine wenu mwasema apewe, wengine mwasema asipewe. Sitataja jina la mtu, maana jambo hili laweza kufika katika nyumba yoyote.

Sikuja kumvunja kijana moyo. Nataka tuiangalie kazi hii kama tunavyouangalia mradi wa kuku au wa mashua: yachukua miaka mingapi, hasara yake ni ipi, na karatasi zake ziko wapi.

Beki ni mtu wa namna gani?

Fowadi akikosa mara tano na kufunga mara moja, hubebwa mabegani. Beki akiokoa mara tano na kuteleza mara moja, basi watu watamsema njia nzima wakirudi nyumbani. Kazi yake ni kusimama mahali pake, kuiona hatari kabla haijafika, na kuwapanga wenzake kwa sauti. Mambo hayo hufunzwa na miaka. Mabeki wengi hukomaa wakishapita miaka 25. Kwa hiyo mtu akikwambia kijana wa miaka 16 ni lazima aondoke mwezi huu, la sivyo bahati imekwisha, jiulize haraka hiyo ni ya nani.

Mfano wa Musa Otieno

Wengi mwamkumbuka Musa Otieno, beki wa kati aliyekuwa kapteni wa Harambee Stars. Alizaliwa mwaka 1973. Alicheza kwanza hapa Kenya hadi akaingia timu ya taifa, ndipo akaenda Afrika Kusini kwenye klabu ya Santos ya Cape Town. Hakuenda kwa majaribio ya wiki mbili akarudi. Alikaa huko zaidi ya miaka kumi. Msimu wa 2001/2002 Santos ilitwaa ubingwa wa ligi ya Afrika Kusini.

Mwaka 2004 aliiongoza Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia. Tulifungwa na Mali 3-1, tukafungwa na Senegal 3-0, kisha tukaifunga Burkina Faso 3-0. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali hizo, ingawa tulikuwa tumeshaingia mara nne kabla ya hapo. Baadaye alikwenda kucheza Marekani na klabu ya Cleveland City Stars. Baada ya kuacha kucheza alikuwa msaidizi wa kocha wa timu ya taifa, na akaanzisha shirika la kuwasaidia vijana.

Mwenzetu wa Pwani, Aboud Omar, beki wa kushoto, naye alicheza kwanza katika ligi ya Kenya. Baadaye alicheza Ugiriki, Bulgaria, Ubelgiji na Romania, na mwaka 2019 alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichokwenda Misri. Nchi nne ni mikataba minne au zaidi, lugha nne, na kila mara kuanza upya kumpendeza kocha mwingine.

Njia ya hawa wawili ni moja: waliondoka wakiwa watu wazima, wakiwa wamesajiliwa, na ligi ya nyumbani imewaona.

Kuumia

Beki ni mtu wa kugongana. Mwezi Juni 2019, timu yetu ilipokuwa kambini Ufaransa ikijitayarisha kwenda Misri, Brian Mandela, beki wa kati, aliumia goti mazoezini. Michuano ikampita. Yeye alirudi uwanjani, na mwaka 2020 akasajiliwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Sasa fikirini kijana aliyefikishwa nchi ya watu na dalali, hana mkataba, hana bima, goti likavimba. Nani atamlipia daktari? Nauli ya kurudi atapata wapi? Na shamba la baba limeshauzwa.

Sheria zasemaje?

FIFA, chama kikuu cha mpira duniani, imekataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wake wakihamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Wakala naye atakiwa kuwa na leseni. Mwambieni awaonyeshe leseni, na barua ya klabu yenyewe. Klabu inayomtaka mchezaji humlipa yeye. Ukiona mchezaji ndiye anayelipa ili atakiwe, hapo pana walakini.

Pesa zinazoweza kurudi kijijini

Jambo hili wengi hawalijui, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Mchezaji akinunuliwa na klabu ya nchi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa timu zilizomlea, tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 hupata sehemu 5 katika kila 100 ya pesa hizo. Kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23 hupata sehemu 10.

Tuseme kijana amenunuliwa kwa shilingi milioni 10. Asilimia 5 ni shilingi 500,000. Ikiwa timu ya hapa ilimlea akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17, hesabu ni 5 na 5 na 10 na 10, jumla sehemu 30. Hizo ni shilingi 150,000. Hapo mwapata tangi la maji, au karo ya watoto kadhaa.

Lakini timu isiyosajiliwa haipati hata senti moja. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 malipo hayo hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, nayo huangalia maandishi ya usajili. Haitamwuliza mzee wa kijiji kama anamkumbuka kijana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na cheti cha kikundi cha kujisaidia hakitoshi. Timu ya mpira husajiliwa kwa Msajili wa Michezo, kwa sheria ya mwaka 2013, na tena huandikishwa kwa Shirikisho la Soka kupitia tawi lake. Wachezaji nao huandikishwa mmoja mmoja.

Basi tufanye nini?

1. Kila kijana awe na cheti cha kuzaliwa chenye tarehe ya kweli. Tusikate miaka. Umri ukigunduliwa kuwa wa uongo, kijana anaweza kufungiwa, na timu ikapoteza haki yake.

2. Timu iwe na daftari kama hili la kikundi: jina la mchezaji, tarehe aliyojiunga, mechi alizocheza, mahali alikoumia. Mwandishi wa timu atie sahihi kila mwezi.

3. Timu isajiliwe. Vikundi vichange gharama pamoja, maana faida ikija itakuwa ya wote.

4. Kijana asiache shule. Mkataba ni wa kusoma. Asiyeweza kuusoma hutia kidole mahali asipopajua.

5. Mtu asitie sahihi peke yake. Karatasi iletwe mkutanoni, isomwe kwa sauti, itafsiriwe, na mwanasheria aulizwe.

6. Mshahara ukipatikana, kijana aweke akiba tangu mwezi wa kwanza. Beki akibahatika hucheza miaka 15. Akifika miaka 35 bado ana watoto wa kusomesha.

Kuhusu ule mkopo, mwenye uamuzi ni kikundi. Ushauri wangu ni huu: msitoe pesa za dalali, na mzee asiuze minazi. Lakini msimwache mama yule arudi mikono mitupu. Mpeni mkopo mdogo wa kumalizia karo, kutafuta cheti cha kuzaliwa, na kununua njumu. Kijana acheze ligi ya hapa, kisha ya kaunti, mpaka klabu za Mombasa na Nairobi zimwone. Ikiwa ni beki kweli, mwakani atakuwa bora kuliko leo.

Na wewe kijana, najua umeketi hapo nyuma. Usiwakasirikie wazee wako. Jumamosi nitakuja uwanjani nikuone ukicheza, na cheti chako tuanze kukitafuta Jumatatu.

Nimemaliza. Mwenye swali aulize.