Kuchana Manyoya ya Mbwa Mdogo

Wasikilizaji, kuanzia Kwihara na Tabora mjini hadi Urambo, kando ya njia ya kale ya misafara ya kwenda Ujiji, vumbi la kiangazi na mbegu za majani hunasa katika manyoya marefu ya mbwa mdogo na kuleta mafundo, yaani manyoya yaliyosokotana yakaivuta ngozi na kuficha kupe. Mbwa wa kienyeji mwenye manyoya mafupi hana adha hiyo.

Mfugaji amchane mbwa kabla ya kumwogesha, kwa kuwa maji hulikaza fundo. Ashike manyoya karibu na ngozi, aanzie nchani, wala asisahau kwapani na nyuma ya masikio. Mbwa mwenye fundo lisilofunguka apelekwe kwa daktari wa mifugo; fundo lisikatwe kwa mkasi. Mchaneni mbwa kila siku, na daima kabla ya kumwogesha.