Pua Peke Yake Haitoshi

Msikilizaji, mpishi wa pombe ya mtama, awe kata ya Ulaya wilayani Kilosa au Mikumi, huinamia pipa akanusa. Harufu kali ya siki humwambia kwamba pombe imeharibika. Ujuzi huo tuuheshimu. Maabarani, mashine ya kromatografia ya gesi hutenganisha mvuke wa pombe, harufu moja baada ya nyingine, na kupima kiasi chake: ile ya ndizi mbivu, kwa mfano, ni isoamili asetati.

Lakini methanoli, alkoholi yenye sumu, pua haiitambui ndani ya pombe. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100.

Basi Mkemia Mkuu wa Serikali ya Tanzania awafikie wapishi vijijini, awapimie sampuli kwa mashine hiyo, kwa ada wanayoimudu.