Nyumba Iliyo Rehani na Hesabu ya Siku
(Hotuba kwa wanachama)



Leo twataka kusema juu ya nyumba. Wengi wetu tumejenga au tumenunua kwa mkopo wa benki, na hati ya nyumba imewekwa rehani. Mshahara ukija, mambo huenda sawa. Lakini kazi ikisimama, au ugonjwa ukiingia nyumbani, mwezi mmoja hupita bila malipo, kisha wa pili. Ndipo barua ya benki hufika.

Nasi twajua mambo yanavyokwenda. Barua hufichwa chini ya godoro. Mume hamwambii mke, wala mke hamwambii mume. Ofisi ya chama hupata habari wakati tangazo la mnada limekwisha kutoka gazetini. Ndugu, hiyo ni hasara kubwa, kwa maana haki yetu iliyo rahisi kuliko zote imo katika barua ile ya kwanza.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 90, yasema hivi: deni likichelewa mwezi mmoja, benki yaweza kutoa notisi ya maandishi. Notisi hiyo lazima itaje kosa ni lipi, ni fedha ngapi za kulipwa ili kosa lirekebishwe, na muda wa kulipa, usiopungua miezi mitatu. Tena lazima imwambie mwenye nyumba kwamba ana haki ya kwenda kortini kuomba nafuu.

Shikeni neno hili: kurekebisha kosa si kumaliza mkopo wote. Tuseme mtu ana mkopo wa shilingi 3,000,000, naye hulipa shilingi 40,000 kila mwezi. Akikosa miezi mitatu, yaliyochelewa ni shilingi 120,000, pamoja na riba na gharama zake. Akilipa kiasi kilichotajwa kabla ya muda kwisha, kosa limerekebishwa, na mkopo waendelea kama zamani. Shilingi 120,000 zaweza kupatikana kwa ndugu, kwa chama cha akiba na mikopo, au kwa kuuza pikipiki. Milioni tatu mfanyakazi atazitoa wapi?

Muda huo ukipita, mlima huwa mkali zaidi. Benki yaweza kutoa notisi ya kuuza, ya siku zisizopungua 40, na mke au mume aliyekubali rehani lazima apewe nakala. Dalali naye lazima atoe notisi ya siku 45, kisha mnada usifanywe kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Mwenye nyumba bado aweza kuikomboa mpaka nyundo ya mnada ipigwe, lakini sasa huenda akatakiwa kulipa deni lote. Benki nayo haina ruhusa ya kuitupa nyumba kwa bei yoyote. Yapasa mthamini aipime kwanza, na itafutwe bei bora inayoweza kupatikana.

Kwa hiyo twawaomba mfanye mambo haya. Barua ikifika, andikeni juu yake tarehe mliyoipokea, na hesabuni siku tangu hapo. Ombeni benki hesabu kamili kwa maandishi. Mkilipa, wekeni risiti. Mkiahidiwa muda zaidi kwa mdomo, ombeni uandikwe, kwa maana ahadi ya mdomo haisimamishi mnada. Na ikiwa notisi ina kasoro, mwoneni wakili mapema, si usiku wa kuamkia mnada. Lakini jueni kwamba kasoro ya notisi huongeza siku tu, haifuti deni.

Ndugu, kuchelewa kulipa si aibu kwa mtu aliyepoteza kazi. Leteni barua ofisini siku ile ile mliyoipokea, tuisome pamoja, ingali na siku zake zote.