Mawaridi Nyumbani Petu
Mazungumzo ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Lumemo, Ifakara



Mambo ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii mmeshasomewa na mweka hazina wetu, hatuna haja ya kuyarudia. Sisi tumepewa dakika chache tuseme juu ya jambo ambalo kila mgeni anayepita kwenye nyumba zetu huuliza: haya mawaridi mmeyapata wapi, na mnayatunzaje katika joto hili la Ifakara?

Wapo pia wanaouliza, "Mawaridi yanaliwa?" Sisi hatuyali, jamani. Mchicha unaliwa, matembele yanaliwa, navyo tumepanda. Lakini mtu akitoka shamba la mpunga jua limemchoma, magoti yana tope, akifika mlangoni akakuta ua limefunguka, moyo unatulia. Baba naye akirudi, hata kama hasemi kitu, tunamwona anasimama pale kidogo kabla ya kuingia ndani. Na iwe wazi kwa wote: hakuna shilingi ya hisa iliyokwenda kwenye maua. Vijiti tunapeana bure.

Waridi si mgeni kwa Waswahili. Huko Pwani na Unguja, marashi ya mawaridi hunyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi, na akina mama hulitia waridi katika kikuba pamoja na asumini na mrehani. Huko Omani, kwenye milima ya Jebel Akhdar, watu huyachuma mawaridi kuanzia Machi mpaka Mei, wakayachemsha mpaka yatoe marashi. Lakini yale ni mawaridi ya mlimani, yanataka baridi. Na haya ya kuuza Ulaya, yanayolimwa Naivasha na Arusha, yanakaa ndani ya nyumba za plastiki, kwenye nchi ya juu, yakipigiwa dawa na kuangaliwa kila siku. Ifakara yetu haifiki mita 300 toka usawa wa bahari, na hewa yake ina unyevu. Ndiyo maana mtu akichomeka fimbo ya ua la dukani hapa kwetu, mara nyingi inakufa, au inaota kinyonge majani yakijaa madoa.

Linalotufaa sisi ni waridi la kizamani la kichaka. Asili ya mawaridi ya namna hii ni China, na mwisho wa karne ya 18 yalipelekwa Ulaya, ndipo mawaridi ya huko nayo yakapata tabia ya kuchanua tena na tena. Ua lake si kubwa, rangi yake ni ya pinki, harufu yake ni ya pole. Lakini halidekezwi. Linasimama kwa mizizi yake lenyewe bila kuunganishwa na shina lingine, na joto haliliogopi.

Sasa tueleze namna ya kupanda, maana wengi mmetuomba.

Kwanza kijiti. Chagua tawi lililokwisha kuchanua, lenye unene wa penseli, lisiwe changa mno wala kuukuu. Kata kipande chenye macho manne au matano, kama urefu wa kiganja na vidole vyake. Ukate kwa kisu kikali chini kidogo ya jicho. Toa majani ya chini, acha mawili ya juu. Chomeka kwenye kopo lililotobolewa chini, lenye mchanga na udongo mwepesi nusu kwa nusu, na sehemu kubwa ya kijiti iingie udongoni. Weka kivulini. Ukipata chupa ya maji ya plastiki, kata kitako uifunike juu yake, itunze unyevu. Udongo uwe na majimaji lakini usiwe tope. Baada ya wiki sita hivi utaona machipukizi. Usikivute kutazama kama kina mizizi! Wengi wanaua vijiti vyao hivyo. Ngoja miezi miwili au mitatu ndipo uhamishe.

Pili mahali. Waridi linataka jua, lisipungue saa sita kwa siku, na jua la asubuhi ndilo bora kwa sababu linakausha umande kwenye majani. Mche na mche uachane kama mita moja, hewa ipite. Udongo wetu wa Lumemo sehemu nyingi ni mzito, unashika maji, kwa hiyo inua tuta lifike sentimita 30 na zaidi. Mizizi ya waridi ikikaa ndani ya maji inakosa hewa, inaoza.

Tatu chakula. Samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri inatosha, debe moja wakati wa kupanda na nusu debe mvua zikianza. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi inaunguza. Juu yake tandaza makapi ya mpunga kutoka mashineni, ambayo kwetu hapa ni bure. Yanazuia jua kukausha udongo na yanapunguza magugu. Lakini yasigusane na shina, na uangalie mchwa.

Nne maji. Mwagia chini, si juu ya majani, na umwagie asubuhi. Ule ugonjwa wa madoa meusi ni wa kuvu, nao unashika pale majani yanapokaa na maji kwa saa nyingi. Majani yenye madoa yaliyoanguka, okota uchome, usiyaache chini. Vidukari wakija kwenye vichomozi, wapige kwa maji au maji ya sabuni kidogo. Hatununui dawa.

Tano kupogoa. Ua likinyauka, likate na kijitawi chake, mche utatoa mengine. Mara moja kwa mwaka, mvua kubwa zikipita, toa matawi makavu na yanayosuguana, punguza theluthi ya kimo. Basi.

Hapa tuwaonye juu ya jambo moja. Msiweke sahani chini ya makopo zikatuama maji, wala kuacha makopo matupu uani. Mji wetu ndio wenye taasisi ya utafiti wa malaria iliyoanza kama maabara ndogo ya Waswisi, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Itakuwa aibu watu wa mji huu wafuge mbu kwa sababu ya maua.

Ndugu mgeni rasmi, matatizo tunayo. Mbuzi wanakula machipukizi pamoja na miiba yake, hatujui midomo yao imeumbwaje. Kuku wanaparua makapi. Lakini tatizo kubwa ni mto wetu.

Mnakumbuka mvua za mwaka 2024, Lumemo ulipofurika. Mwenzetu mmoja anayekaa karibu na mto alipoteza mpunga, kuku wote, na ukuta wa upande mmoja wa nyumba. Mfuko wa jamii ulimsaidia mabati. Maji yalipopungua tulikwenda kumsaidia kutoa tope, tukamkuta amekaa mbele ya miche yake ya waridi, yote sita imekuwa myeusi. Mche mama aliupata kwa marehemu mama yake mzazi. Akasema, "Mpunga nitalima tena. Hili ua la mama ndilo limekwisha."

Ndipo mmoja wetu akakumbuka kwamba miaka mitatu nyuma, mwenzetu huyo alimpa kijiti shoga yake aliyehamia upande wa juu, ambako maji hayakufika. Tulikwenda wanawake saba kwa miguu. Mche tuliukuta, umefika kifuani, umechanua. Tukakata vijiti kumi. Vilivyoshika ni sita, idadi ile ile iliyooza. Leo mama huyu yupo hapa, na maua yaliyo mezani kwa mgeni rasmi ameyachuma yeye asubuhi.

Tangu siku ile tumekuwa tukizungumza. Akiba ya fedha tulishajifunza kutoiweka chini ya godoro la mtu mmoja: sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Lakini vitu vingine vya nyumbani, mbegu za mpunga wa zamani, vijiti vya maua, dawa za bibi zetu, kila mtu anaviweka peke yake. Mto ukija, vinakwenda vyote.

Kwa hiyo tunaleta pendekezo mbele ya mkutano. Tufungue daftari la vijiti. Kila mwanakikundi leo aondoke na kijiti kimoja, jina lake liandikwe, na mwakani arudishe viwili: kimoja kwa aliyemkopesha, kingine kwa mwanakikundi anayekaa upande mwingine wa mto. Riba yake ni kijiti tu. Asiyerudisha hatutamtoza faini, ila tutakwenda kumtembelea tuone kulikoni. Na mwaka ujao tufanye vivyo hivyo na mbegu za mpunga.

Wanaokubali watanyoosha mikono baada ya chakula, katibu atahesabu. Vijiti viko kwenye ndoo pale chini ya mwembe, vimeloweshwa, mshike kwa uangalifu, vina miiba.

Tunawashukuru viongozi wa kata, majirani, na akina baba waliotuchimbia matuta bila kuombwa mara mbili.